Kunja, Usikate

Saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya Februari 2005, umeme ulirudi mtaani Buyenzi. Hayat, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliwasha kompyuta ya shangazi yake Mwantum, fundi redio ambaye pia alirekodi harusi.

Mezani palikuwa na CD tano za kwaya ya Mama Consolée, mkimbizi aliyekuwa akirudi kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka, alasiri hiyo. Barabarani mizigo iliporwa mara kwa mara, kwa hiyo alitaka kuacha nakala salama kwenye kompyuta hiyo. Katika CD moja aliimba kaka yake Namegabe, ambaye alikuwa amefariki.

"Tumia FLAC," Mwantum alisema kabla ya kwenda sokoni. "Faili la FLAC hukunja sauti kama kitenge. Ukikikunjua, kiko kizima. La MP3 hukata vipande vya sauti na kuvitupa."

Hayat alianza kunakili bila kuangalia mpangilio wa programu. Alipofika CD ya mwisho, ndipo alipoona: nakala zote zilikuwa MP3.

"Leo umekwisha!" Binamu yake Ilias alicheka. "We geuza tu hizo MP3 ziwe FLAC. Nani atajua?"

Hayat aligeuza. Mafaili yakawa makubwa, na majina yao yakaishia na FLAC.

Mchana Mwantum alirudi pamoja na Mama Consolée. Kama kawaida yake, Mwantum alipima kazi. Alichukua wimbo wa Namegabe kutoka kwenye CD, akaiambia kompyuta iondoe humo kila kilichokuwa kwenye nakala, kisha akavaa kaske masikioni asikilize kilichobaki. Nakala ikiwa kamili, kinachobaki ni ukimya.

Mwantum alikunja uso. "Nasikia kama watu wanaimba nyuma ya ukuta."

"CD ina mikwaruzo," Ilias alisema haraka.

"Eeh, ni ya zamani," Mama Consolée alikubali, akiinuka. "Si kitu. Mi niende, gari inaningoja."

Hayat alisimama mlangoni. "Mama, CD yako haina kosa. Nilinakili kwa MP3, halafu nikageuza kuwa FLAC ili nifiche."

Mwantum hakupaza sauti. "Umekata kitenge, halafu ukakunja vipande. Jina jipya halirudishi sauti iliyotupwa. Kutoangalia ni kosa, lakini hurekebishwa. Kuficha kungemfanya Mama aondoke akiamini kwamba sauti ya kaka yake iko salama. Ukiharibu kazi ya mtu, mwambie angali hapa."

Dereva alikubali kusubiri hadi saa tisa. Hayat aliangalia mpangilio mara mbili, akanakili CD zote upya na kuzipima. Kisha akampa Mama Consolée kaske.

"Apana, mutoto wangu. Mi sisikii kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa, Mama. Hakuna kilichopotea."

Mama Consolée alikaa kidogo na kaske masikioni, akisikiliza ukimya ule. Halafu alizifunga CD zake ndani ya kitenge na kutoka. Saa tisa gari liliondoka kuelekea Uvira. Nakala zilibaki Buyenzi.