Mama Mdogo Alipovuka Mpaka

Kila Jumamosi asubuhi Ferista alikuwa na kazi zake, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Aliosha vyombo, akafagia uwanja mpaka ukingoni mwa barabara, kisha akafungua chumba cha mbele ambamo mama yake mdogo, Conjesta, alishonea nguo. Nje, kama kila siku hapa kwetu Tunduma, malori yalikuwa yamepanga foleni kungoja kuvuka mpaka kwenda Zambia, na madereva walikaa kivulini wakinywa chai. Mama yake, Atuganile, alikuwa ameshatangulia sokoni kuuza mchele. Ferista alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, na mdomo wake haukujua kuficha kitu, isipokuwa jambo moja tu alilokabidhiwa.

Jambo lenyewe lilikuwa Clement. Conjesta alimpata kwenye simu, katika mtandao ambamo watu hutafuta wachumba. Tangu wajuane, cherehani ilikuwa ikisimama katikati ya mshono, mwenyewe kainamia simu anacheka peke yake. Alimwonyesha Ferista picha ya kijana mtanashati, shati jeupe, ameegemea gari. Clement alijieleza kuwa ni wakala wa forodha, kwao ni Mbozi Mission, na anaimba kwaya. Nani atamwogopa mwanakwaya? Ferista aliuliza tu kwa nini hapigi simu ya video wakaonana sura. Akajibiwa kwamba mtandao wa huko kazini kwake unasumbua. Kila siku unasumbua, Ferista aliwaza, lakini akayameza.

"Usimwambie dada," Conjesta alimwomba. "Atauliza maswali mpaka amkimbize mwenzangu. Akishakuja kujitambulisha nitamwambia mwenyewe. Niahidi."

Ferista aliahidi. Kuaminiwa na mtu mzima kulimfurahisha, akajiona na yeye amekua.

Conjesta na Clement walipanga kukutana Jumamosi hiyo mchana, kwenye mgahawa ulio karibu na stendi, mahali penye watu tele. Conjesta alivaa gauni la kitenge cha bluu alilojishonea. Kabla hajatoka, ujumbe ukaingia. Clement amebanwa na kazi upande wa pili, kwa hiyo atatuma kijana wa bodaboda amfuate nyumbani na kumvusha Nakonde. Watakula huko, kisha atarudishwa. Na wasipite getini, foleni ni ndefu, kijana anazijua njia za panya.

Mtu wa Dodoma au Tanga angeshtuka palepale, maana Nakonde iko Zambia, nchi nyingine. Sisi wa Tunduma ndipo tunapojikwaa. Tunavuka kununua sukari, tunavuka kwenda harusini, watoto wanavuka kufuata mpira uliopaa, na hakuna anayejihesabu kwamba amesafiri.

"Si hapo Nakonde tu," Conjesta alisema huku akijitazama kwenye kioo. "Niangalizie kazi zangu. Dada akiwahi kurudi, mwambie nimefuata vifungo."

Bodaboda ilifika. Dereva alikuwa kijana mwenye koti la njano, na kiti cha pikipiki yake kilikuwa kimezibwa kwa kipande cha kanga nyekundu. Hakusalimia. Hakumtazama Ferista wala mama yake mdogo, aliungurumisha tu pikipiki yake mpaka abiria akapanda. Walipokata kona na kupotea nyuma ya malori, Ferista alibaki amesimama kando ya barabara.

Adhuhuri ilipita. Simu ndogo ya nyumbani ikalia, akaikimbilia. Ulikuwa ujumbe wa Conjesta: "Pamebadilika tena. Tumeshapita mjini Nakonde, tunaenda mbele kidogo. Nikifika nitakwambia." Ferista alipiga hapohapo. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipopiga tena, ile sauti tunayoijua sote ikamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Conjesta alikuwa na laini ya Tanzania peke yake, na mawimbi ya huku hufika Nakonde mjini lakini hayaendi mbali.

Hapo hofu ilimshika sawasawa. Alijiambia labda chaji imekwisha. Alijiambia labda wanakula kuku, wanacheka, na yeye anajitesa bure. Mteja alikuja kuchukua gauni, akampa sketi ya mtu mwingine, ikabidi wabadilishane tena mlangoni. Akisema, atakuwa msaliti, na mama yake mdogo hatamwamini tena maisha. Akinyamaza, je? Alipiga simu mara nyingi sana, na kila mara sauti ilikuwa ileile.

Mama yake alirudi mapema kwa sababu mchele ulikuwa umekwisha. Aliweka ndoo chini na kuuliza Conjesta yuko wapi. Ferista akasikia mdomo wake ukisema amefuata vifungo. Mama hakushuku kitu. Alivua kitambaa cha kichwani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kujikanda miguu huku akimsifu mwanawe kwa kulinda nyumba vizuri. Kule kuaminiwa asubuhi kulikuwa kutamu. Huku kulimuuma mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, nimekudanganya," alisema. "Mama mdogo amevuka kwenda kuonana na mtu wa kwenye simu. Hapatikani."

Akaeleza yote, tangu picha ile ya gari mpaka kipande cha kanga nyekundu. Alitegemea kofi. Mama hakumpiga wala hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. Mama alimuuliza tu pikipiki ilikuwaje, ilishika njia gani, na waliondoka saa ngapi. Kisha akampigia kaka yake, Osea, aliyeoa Nakonde na ndiye mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda huko. Osea, kama watu wengi wa mpakani, alikuwa na laini mbili, ya Tanzania na ya Zambia. Mama alimpa maelezo yote neno kwa neno, kisha akamvuta Ferista mkono wakaenda kituo cha polisi.

Askari wa kike aliyewapokea alimsikiliza Ferista bila kumkatiza. Hakucheka, wala hakusema kwamba mtu mzima ana haki ya kwenda anakotaka. Aliwapigia wenzake wa Zambia, kisha akawaambia mama na mwana wakae kwenye benchi. Hakuna kazi ngumu kama kukaa. Ferista alitazama mlango, na kila gauni la bluu lilipopita barabarani alisimama. Mama alikuwa akiomba kimyakimya, midomo tu inatembea.

Mjomba Osea alipiga. Vijana wake walikuwa wameulizana, na kiti chenye kanga nyekundu kilimtambulisha mwenye pikipiki upesi. Kijana alikiri kwamba alilipwa kupeleka mgeni kwenye nyumba yenye ukuta, nje ya mji, akamwacha getini. Zaidi ya hapo hakuuliza. Sasa alikuwa akiwaongoza polisi wa huko. Baada ya hapo simu ya Osea nayo ikakosa mawimbi, na jua likaanza kushuka.

Walifika kabla giza halijaingia. Conjesta alishuka kwenye gari la polisi akiwa peku, gauni limechanika begani, Osea amemshika mkono. Mama alimkumbatia papo hapo, mlangoni mwa kituo.

Habari zilikuja kidogokidogo. Mwanamume aliyemfungulia geti hakuwa yule wa kwenye picha. Yule wa kwenye picha hakuwepo kabisa. Huyu wa getini alimpokonya simu na kumsukumia chumbani, akafunga kwa nje. Kupitia mlango Conjesta alimsikia akimhimiza mtu kwa simu kwamba gari lije kabla ya giza. Kumpeleka wapi, hakujua, na mpaka leo hataki kufikiria. Polisi walifika kabla ya gari hilo, na mwanamume huyo akaenda mahabusu.

Walipofika nyumbani mama alichemsha maji, akamwogesha mdogo wake kama mtoto. Ndipo akasema.

"Kutafuta mchumba si kosa, Conjesta, hata kwa simu. Ningekuuliza maswali, ndiyo, na kama ni mtu wa kweli angeyajibu. Kwanza muone sura kwenye video. Mkutane hapa kwetu, mchana, penye watu. Nenda kwa miguu yako, usipande chombo alichokutumia yeye. Na mtu akibadilisha mahali dakika za mwisho, rudi ndani ushone."

Conjesta alitikisa kichwa kukubali.

Ferista alikuwa amejikunja pembeni ya mlango. Alikuwa na neno lake, na lilimtoka kwa shida. Alimwomba mama yake mdogo msamaha kwa kuvunja ahadi.

Conjesta alimwita akae karibu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele.

"Mle chumbani nilikumbuka kwamba duniani kote ni wewe tu unayejua nilikokwenda," alisema. "Na wewe ndiye niliyekuapisha unyamaze. Nilipiga magoti sakafuni, Ferista, nikamwomba Mungu uivunje ile ahadi."

Ferista akalia, safari hii kwa sauti. Mama yake alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamfuta uso kwa upande wa kanga yake.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia. "Lakini ulikaa nayo mchana kutwa, na gari lilikuwa njiani. Siku nyingine usingoje nirudi. Nifuate hukohuko sokoni."