Mahfoudha Alikuwa Anahesabu

Sokoni Matrah, Idi imepita juzijuzi na kibaridi cha Disemba kimeanza kuwaingia watu mifupani, kijana mmoja alikuwa akigombana na donge la sufu.

Kanzu yake ilikuwa nyeupe na imenyooka kwa pasi, juu yake kavaa koti la kijivu la Kairo, na kofia ya viua imekaa upande kidogo. Alikuwa kijana wa kupendeza, ila donge lile lilikwisha mshinda. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa papo hapo Matrah, alimweleza tena kwa Kiarabu kwamba masweta hana, ana uzi wa kufumia masweta.

"Sasa uzi huu nitamvisha nani, ya Rabbi?" kijana alinung'unika kwa Kiswahili, akidhani hapana anayemfahamu.

Ubavuni pake kikatoka kicheko. Kilitoka ndani ya buibui jeusi, na chini ya buibui lile ilionekana pindo la gauni la maua ya njano. Mwenye kicheko alikuwa na macho makubwa na kipini cha dhahabu puani.

"Unacheka nini, bibi?"

"Nacheka ulivyolishika donge. Kama mtoto mchanga aliyekukojolea."

Kijana akasahau kukasirika. "Wewe wa Unguja!"

"Ulidhani wa Bombay? Sisi watu wa Vuga."

"Mimi Mkunazini! Naitwa Thani."

"Sikukuuliza jina," alisema Mahfoudha, lakini alilishika vizuri sana.

Mwaka ule wa sabini Waunguja walikuwa wakirudi Maskati kutoka Kairo, Kuwait na kwengineko kuja kufanya kazi za serikali, na kila aliyesikia Kiswahili sokoni aligeuka. Mahfoudha na baba yake walifika zamani, tangu mwaka wa sitini na nne, kwa hivyo alijiona mwenyeji mwenye haki ya kuwacheka wageni. Thani alikuwa mgeni wa miezi michache. Alimwambia kwamba anasimamia skuli mpya ya mahema upande wa Nizwa, chini ya mlima, na watoto wanafika asubuhi meno yanagongana. Mkubwa wake kamruhusu awanunulie masweta, na masweta yenyewe ndiyo hayo, hayapo.

"Yatafumwa," alisema Mahfoudha. "Sindano nazijua. Mwalimu wetu alitufundisha kwa kutupiga rula za vidole. Lakini peke yangu sitoshi, na sikujui."

"Shangazi yangu unaweza kumjua. Bi Hamdiya, wa Maskati ndani ya ukuta."

Mahfoudha alicheka mpaka mwenye duka naye akacheka bila kujua sababu. "Bi Hamdiya? Nyumba yetu na yake zinaegemeana!"

Thani akanunua sufu yote iliyokuwamo dukani, nyekundu, buluu, kijani, hata ile ya rangi ya dengu ambayo mwenye duka alikwisha kata tamaa nayo.

Baridi ile ikawa na raha yake. Kila alasiri wanawake wa mtaani walikusanyika ukumbini kwa Bi Hamdiya, wakakaa mikekani na mabuli ya kahawa ya hiliki, na sindano zikalia kama watu wanaokatana maneno. Wasiojua kufuma walifundishwa na Mahfoudha, na waliokataa kufundishika walipewa kazi ya kushona vifungo. Bi Hamdiya mwenyewe alifuma sweta moja lenye mikono isiyolingana, akasema huko mlimani hakukosi mtoto wa namna hiyo.

Nyumba ile ilikuwa na simu, kwa kuwa mume wa Bi Hamdiya alikuwa mfanyabiashara. Tangu masweta yaanze, simu haikupumzika, Thani akiipiga kutoka ofisini kwake mjini.

"Shangazi, masweta yamefika wapi?"

"Thani, jana umeuliza! Sweta si chapati."

"Basi nipe anayefuma."

Bi Hamdiya humpa Mahfoudha simu, kisha akasimama karibu akijifanya anapanga vikombe. Vikombe vya nyumba ile vilipangwa kuliko vya kasri.

"Nani mwenzangu?" Mahfoudha huuliza, kama kwamba hajui.

"Mtu anayeumwa na baridi. Na mimi nataka langu."

"Watoto kwanza. Wewe una koti."

"Koti limefumwa na mashine. Mashine hainipendi."

"Na nani aliyekwambia mimi nakupenda?"

"Hujasema bado. Mimi ndiye ninayesema. Nakupenda, Mahfoudha. Nimesema kwenye simu ya serikali, kama wanasikiliza na wasikie."

Mahfoudha alihisi masikio yanamwaka. "Basi kamwambie baba yangu, usiiambie serikali."

"Nitamwambia, roho yangu. Nipeleke kwanza huu mzigo, skuli isimame, nami nisimame mbele yake mtu kamili. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alijibu Mahfoudha, akakata simu huku akitabasamu. Alikuwa na haki ya kuhofu, lakini siku ile alikuwa na furaha mno.

Sweta la Thani alikwisha lianza kwa siri nyumbani. Tena hakutaka liwe sweta hivihivi. Alitaka maua ya kofia ya Unguja, vile viua vidogo vya matundu ambavyo wanawake hushona kwa sindano nyembamba, yeye avitoe kwa sufu, kifuani. Jambo hilo hakumwona mtu akilifanya. Kitanzi kimoja kikikosewa, ua zima linahama, na kulirudisha mahali pake kunataka kufumua jioni nzima. Kwa hivyo kila alipofika kwenye maua alihesabu kwa moyo, sindano ya akiba kaibana midomoni, na kichwa kikifuatisha: moja, mbili, ruka, moja, mbili, ruka.

Ndivyo alivyokuwa, karibu na dirisha, baba yake alipomjia.

Mzee Marhoon alikuwa mjane. Mkewe alifariki Unguja, na tangu hapo alimlea binti yake kwa mapenzi mengi na maneno machache. Mambo ya posa ni ya mama kumuuliza binti, na yeye mama hana wa kumtuma. Akasimama mlangoni, macho kayaelekeza kwenye saa ya ukutani kwa haya.

"Mwanangu, kaja Suud. Yule mwenye duka Dubai, mtoto wa rafiki yangu. Kakuposa. Mimi nnamjua, mtu wa dini, mkono wake mwepesi wa kutoa. Wasemaje?"

Moja, mbili, ruka. Mahfoudha alikuwa kafika begani mwa sweta, maua yanapoishia, mahali penye hatari kuliko pote.

"Sikulazimishi. Kama humtaki, sema."

Kichwa cha Mahfoudha kikaenda chini, kikapanda, kikaenda chini.

Sasa kwetu msichana akiulizwa posa hasemi ndiyo. Kimya chake ndiyo idhini yake. Asiyetaka hulia, au huinuka akatoka. Huyu wake kanyamaza na kichwa katikisa juu yake. Mzee Marhoon angetaka ushahidi gani mwengine? Alisema, "Alhamdulillahi," akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, akatoka.

Mahfoudha alimaliza mstari, akatoa sindano mdomoni. "Baba, ulisema kitu?"

Chumba kilikuwa kitupu. Alimsikia baba yake njiani akiwaamkia watu kwa sauti kubwa, akafikiri kapata barua njema kutoka kwa jamaa, akarudi kwenye bega lake.

Sinia la halwa ya posa aliyoileta Suud lilifika kwa Bi Hamdiya kabla ya alasiri, na simu ikalia halwa ikiwa bado ya moto. Thani alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka mlimani, sauti yake imejaa vumbi na furaha.

"Shangazi, watoto wamevaa! Yule mwenye sweta la mikono isiyolingana kakataa kulivua hata kulala. Nipe Mahfoudha."

"Thani, mwanangu," alisema Bi Hamdiya, akirudisha kipande cha halwa siniani. "Mahfoudha kaposwa na Suud."

"Na yeye kasemaje?"

"Babake kasema alinyamaza. Akatikisa na kichwa."

Simu ikakatwa.

Mahfoudha aliingia na kikapu chake, akapokewa kwa vigelegele. Alitazama nyuma yake kuona nani anayepigiwa. Alipoelezwa, kikapu kilimtoka na madonge yakaviringika ukumbi mzima.

"Mimi? Suud? Aliniuliza lini?"

"Leo asubuhi, ulipokuwa unafuma."

Mahfoudha aliiendea simu, akaomba ofisi ya Thani.

"Thani, sikiliza—"

"Hongera," alisema Thani. "Mchumba wa mtu hafai kunipigia simu."

"Sikukubali! Nilikuwa nahesabu!"

"Ulikuwa unahesabu nini? Maduka ya Suud?"

Hapo Mahfoudha naye akapandwa. "Suud kamjia baba yangu mlangoni, kwa miguu yake! Wewe umekuja wapi? Umeishia kwenye waya! Kama ungefanya alivyofanya yeye, mimi leo nisingekuwa hapa nalia mbele ya watu!"

"Kesho asubuhi naondoka. Nimemwomba mkubwa wangu anihamishie mlimani kabisa. Nakutakia kheri."

Safari hii alikata yeye. Mahfoudha alisimama na simu mkononi, Bi Hamdiya hata vikombe akavisahau.

Kumkabili baba kulikuwa kuzito kuliko kumkabili Thani. Neno lilikwisha toka, na Mzee Marhoon hakuwa mtu wa kurudisha neno. Mahfoudha alipiga magoti mbele yake na sweta lile mapajani.

"Baba, niwie radhi. Asubuhi sikukusikia. Nilikuwa nahesabu vitanzi."

"Ulikuwa unahesabu," Mzee Marhoon alirudia polepole. "Na kichwa je?"

"Kichwa nacho kilikuwa kinahesabu."

"Mimi nimeshawapa watu neno, Mahfoudha! Nimekwisha gawa halwa! Msichana akiulizwa hunyamaza, ndivyo tulivyolelewa sote. Mama yako nilipomposa alinyamaza, na tukakaa vizuri."

"Una hakika mama alinyamaza kwa haya? Au alikuwa anakuna nazi?"

Mzee Marhoon alitaka kukasirika, akashindwa. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikamwisha, akalitazama sweta. Lilikuwa kubwa mno kwake mwenyewe, dogo mno kwa Suud.

"La nani hili?"

Mahfoudha alinyamaza. Kimya hicho baba yake alikifahamu barabara.

"Mpwa wa Hamdiya, yule wa simu za kila siku," alisema. "Na mbona hajaja kwangu?"

"Anasubiri awe mtu kamili."

"Atasubiri sana," alisema Mzee Marhoon, akavaa viatu vyake. Alikwenda peke yake kwa Suud, aliyekuwa kafikia nyumbani kwa babake, na njia ile fupi aliiona ndefu. Alimweleza yote bila kumficha. Suud alikaa kidogo akiuma masharubu, maana hapana anayependa kushindwa na sufu.

"Mzee wangu," alisema mwishowe, "ndoa bila ya ridhaa yake si ndoa. Bora nimejua leo kuliko mbele ya kadhi. Lakini sinia langu la halwa nalitaka, na lisije tupu."

Asubuhi yake, nje ya lango kubwa la Maskati, Landrova ilikuwa ikipakiwa madawati. Thani alikuwa akifunga kamba kwa hasira, na kamba zilizofungwa kwa hasira hazikazi. Alipoinua macho alimwona shangazi yake akija mbio mbio kwa umri wake, na pembeni mwake buibui lenye pindo la njano chini yake.

"Salamu aleikum, mtu wa mlimani," alisema Mahfoudha. Pumzi zilikuwa juu. "Baba kaivunja posa. Kaenda mwenyewe kutahayari kwa ajili yangu. Sasa nimekuja kukwambia mwenyewe, kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Nakupenda. Ukitaka kwenda, nenda, lakini usiseme hukuambiwa."

Kamba ikamponyoka Thani, dawati likaanguka. "Mimi mjinga, Mahfoudha."

"Hilo nalijua tangu Matrah."

"Niliogopa. Nakaa chumba cha kupanga, kazi yangu yenyewe changa. Nilisema baba yako ataniona mtoto. Ulivyosema jana ni kweli, wallahi, na usiku kucha maneno yako yamenikereketa." Alimgeukia dereva. "Ningojee."

"Bwana Thani, jua linapanda!"

"Lipande!"

Hivyo ndivyo Mzee Marhoon alivyogongewa mlango na kijana mwenye vumbi la madawati na kofia imepinda. Bi Hamdiya alianza maneno ya posa kwa utaratibu wake, na dua na nasaba, Thani akamkata katikati.

"Mzee, nilichelewa. Sina nyumba. Nina mshahara, nina skuli, na namtaka binti yako. Namposa kwako, mbele ya shangazi yangu."

Mzee Marhoon alimtazama sana. "Huko mlimani utakuwa mpaka lini?"

"Mpaka baridi iishe. Nikirudi, harusi."

"Mahfoudha!" Mzee aliita, na sauti ikafika njiani. "Njoo. Na mikono yako niione."

Mahfoudha akaja, mikono mitupu kaitandaza mbele, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Madirisha ya majirani yalifunguka moja moja.

"Kakuposa Thani. Haya zako ziweke pembeni leo, maana mimi kimya sikiamini tena. Nataka kusikia kwa masikio yangu. Wasemaje?"

Mahfoudha alimtazama Thani, asiangalie chini wala ukutani.

"Namtaka, baba. Namtaka tangu alipokuwa kashika donge la sufu na hajui ni nini. Na kama angekwenda mlimani bila ya mimi kujibu, ningemfuata kwa miguu."

Bi Hamdiya akaziba mdomo. Kwenye madirisha vigelegele vikapasuka, na nje Landrova ikapiga honi.

Mzee Marhoon alijifunika uso kwa kilemba. "Ungesema ndiyo, mwanangu," alisema. "Ndiyo ingetosha."