Soipan Ajisikie Mwenyewe

Kila jioni Nashipae humvalisha binti yake Soipan vifaa vya kusikia, humkalisha mkekani na kuanza somo.

"Sema mama."

"Aaa," anajibu Soipan.

Baada ya nusu saa Nashipae huwa hataki tena hata kulisikia hilo neno mama. Huvitoa vifaa, huvifunga kwenye leso na kuvifungia kabatini.

Soipan ana miaka miwili na nusu. Tangu azaliwe hasikii vizuri. Vifaa alipewa kliniki miezi mitano iliyopita, na hajasema neno hata moja. Tajeu, baba yake, amechoka kungoja. Ameshaamua kwamba Ijumaa atavirudisha, wapewe watu wengine.

Siku ya Jumatano Nashipae alikuwa akifua nguo nje ya nyumba yao ya kupanga, mtaani Noonkopir. Kando yake Soipan alipiga beseni na kupayuka. Jirani yao Shirleen, mwalimu wa watoto wasiosikia, akauliza vifaa viko wapi.

"Ziko kabati," akasema Nashipae. "Saa hii hakuna mtu anaongea na yeye. Mbona nimalize betri?"

"Na yeye si anaongea?"

"Hiyo ni kelele tu, Mwalimu. Imenichosha."

Shirleen akamuuliza Nashipae jinsi Tajeu huongea akiwa na muziki masikioni. Nashipae hakuhitaji kufikiri. Tajeu akiwa hivyo, majirani wote hujua mambo yake.

"Ni kwa sababu hajisikii," Shirleen akasema. "Na huyo ni mtu mzima. Mtoto hutoa sauti, anaisikia, anajaribu tena mpaka ifanane na yenu. Jioni unamsikizisha sauti yako, Mama Soipan. Yake ataisikia saa ngapi?"

Nashipae alijikasirikia sana. Kliniki walimwambia mtoto avae kutwa, avue akioga na akilala. Yeye alidhani wanasema tu, kama watu wa kliniki wasemavyo.

Jioni hiyo alimwambia Tajeu asiguse vifaa hadi Desemba. Tajeu alinung'unika, lakini akakubali.

Wiki za kwanza zilikuwa balaa. Soipan alivichomoa vifaa, kimoja akakitumbukiza kwenye uji. Shirleen akaleta kamba ya kuvishikiza kwenye nguo. Nashipae akapunguza sauti ya televisheni, na kila Soipan alipotoa sauti, akamjibu.

Polepole ile "aaa" ikabadilika. Soipan alisema "baa", akanyamaza, akasikiliza, akasema tena. Kisha "baba-baba" asubuhi hadi jioni, mara nyingi akisemea ndani ya sufuria, maana humo sauti ilivuma. Nashipae aliumwa na kichwa. Tajeu aliacha kutaja habari ya kurudisha vifaa.

Desemba, wakijiandaa kwenda sokoni, Nashipae aliogopa vifaa visije vikapotea kwenye umati. Akanyoosha mkono avitoe. Soipan akavifunika kwa viganja vyote viwili.

"Wata," akasema.

"Umesema nini?"

"Wata, mama."

Nashipae akaelewa: wacha. Akaacha.