Kichwa cha Kombora Kisicho na Kwao

Kijiko kiligonga glasi, na sauti ikaja baadaye.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala na beseni la maji ya vuguvugu. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa kifua mwaka wa pili sasa, na hakuwa tena na pumzi ya kupaza sauti, kwa hiyo walikubaliana: kifua kikimbana, agonge glasi. Siku hiyo fundi alimwona akigonga, akamwona akirudisha kijiko, ndipo mlio ukamfikia.

"Masikio yangu yamechoka," alisema.

Midomo ya mkewe ikacheza, ikatulia. Kisha maneno yakaja. "Umechoka mwili mzima, mume wangu. Masikio nayo yabaki kwa nini?"

Fundi akacheka, maana kulia kungemchelewesha kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta huohuo. Wakusanyaji wa vitu vya kijeshi walimletea vyuma vya vita vya zamani awaambie vilitengenezwa nchi gani. Asubuhi ile mteja alikuwa amemwachia kichwa cha kombora: shaba iliyochongoka, baruti ilishatolewa, na pete ya namba kiunoni. Askari walizungusha pete hiyo kuamua kombora lichelewe sekunde ngapi kabla ya kulipuka. Fundi aliizungusha kidogo kutafuta alama ya kiwanda. Hakuiona. Alichopata ni harufu ya baruti iliyotoka kuungua, na harufu hiyo haikutoka chumbani tena.

Siku ya tatu alisikia glasi akanyanyuka papo hapo, akamkuta mkewe amegeuka rangi midomoni.

"Nimekuita sana," mkewe akasema, na hata hayo yalichelewa.

"Nimekusikia sasa hivi tu, mke wangu."

Hapo fundi akaogopa kwelikweli. Alikitupa kile chuma kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Aliponawa mikono na kurudi, kilikuwa mezani, kikavu, na pete imesogea mbele namba nne.

Fundi alimwita mganga wa majini, naye akaja kesho yake mchana, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba. Alikaa na mgonjwa mpaka mgonjwa akasinzia, kisha mganga akaingia karakanani na kujitupa kitini.

"Amepata usingizi," alisema kwa sauti ya chini. "Tumalize hili. Jini hatoki mpaka atajwe kwao, nimrudishe. Huyu nimemwuliza, hajibu. Sasa hiyo si ndiyo kazi yako, fundi? Kwao wapi?"

Fundi akavaa miwani ya kukuzia. Namba za pete zilichongwa kwa mtindo wa nchi moja, lakini nyuzi za skrubu chini zilikuwa za nchi nyingine, adui wa ile ya kwanza, na ndani ya shaba ile tupu kitu kikaanza kugonga taratibu, tik, tik, ilhali humo hamkuwa na mtambo wowote, na harufu ya baruti ikazidi mpaka macho yakawawasha wote wawili, na nyumba upande wa pili wa ukuta ikawa kimya, kimya cha mtu aliyeziba mdomo wa mwenzake, na fundi akaendelea kuinamia taa akifuta uchafu kwenye kiungo, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumwokoa mkewe, mpaka akaona lehemu, na juu ya lehemu mikwaruzo mitatu midogo ya tupa.

Akavua miwani.

"Umeona nini?" mganga akanong'ona.

"Vipande viwili vya maadui, vimeungwa kuwa kimoja. Zamani, nikianza kazi, nilikuwa nikiunga vilivyovunjika na kuwaambia watu ni vizima. Nilimalizia kwa mikwaruzo mitatu." "Kwao ni hapa, mama. Juu ya meza hii."

Mganga akasukuma kiti nyuma. "Basi siwezi kumfukuza mtu kwao. Kitenganishe mwenyewe."

Fundi akawasha moto wa kulehemu. Lehemu ikayeyuka, vipande vikaachana, tik ikakoma. Harufu ikaondoka. Mganga akashusha pumzi.

Ndipo glasi ikalia nyuma ya ukuta.

Ikalia tena. Ikalia mara kumi na moja, ya mwisho ikiwa hafifu, na fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Mkewe alikuwa ameegemea mto, macho wazi, hatazami kitu. Kijiko kilikuwa sakafuni. Fundi akaushika mkono wake, nao ulikuwa umeshapoa: aligonga wakati yeye ameinamia taa.

Midomo haikucheza, lakini sauti ikaja, ya taratibu, haina kinyongo.

"Usikimbie, mume wangu. Najua umechoka."