Karavani ya Pauni Mia Saba

Jairus na mkewe Truphosa waliishi Kingstanding, Birmingham. Mwaka ulikuwa 1975. Jairus alifanya kazi kiwandani. Truphosa alikuwa muuguzi. Watoto wao wawili wadogo walizaliwa hukohuko Uingereza. Binti yao mkubwa, Magdalene, alibaki Kakamega kwa nyanya yake.

Jumamosi moja Jairus aliingia nyumbani akipiga mluzi.

"Mama Magda, nimeona gari linauzwa! Lina vitanda vinne, jiko, hata sinki. Wanaliita karavani. Hatutalipia tena nyumba ya wageni tukisafiri."

"Bei gani?"

"Pauni mia saba."

Truphosa aliweka pasi chini. "Akiba yetu ni mia saba na sitini. Na tiketi ya Magdalene?"

"Atangoja kidogo. Karavani itaturudishia pesa."

"Amengoja miaka mitano, Baba Magda."

Jairus hakubadili nia. Alimwita jirani yao, Lakhbir Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kisumu. Alitaka akakague injini.

Lakhbir alikuja, akapewa chai.

"Injini nitaitazama," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisumu. "Kwanza niambie, mnasafiri siku ngapi kwa mwaka?"

"Wiki mbili. Likizo ya kiwanda."

"Nyumba ya wageni inatoza ngapi kwenu nyote?"

"Kama pauni sita kwa usiku."

"Siku kumi na nne ni pauni themanini na nne. Sasa tazama karavani. Kodi ya barabara, arobaini. Bima, thelathini na tano. Tairi na matengenezo, tuseme hamsini. Jumla?"

"Mia moja ishirini na tano," Truphosa alisema haraka.

"Kila mwaka, mama. Hata gari likisimama hapo nje linakula pesa. Na sijahesabu petroli, wala malipo ya kiwanja cha kulaza gari. Wala zile mia saba."

"Kwa hiyo karavani haimfai mtu yeyote?" Jairus aliuliza.

"Inamfaa anayelala humo miezi mitatu, minne kwa mwaka. Huyo ataokoa pesa. Wewe ni wiki mbili tu."

Jairus aliinamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Fundi, si pesa peke yake. Mwaka jana tulikwenda baharini, Wales. Mlangoni pameandikwa nafasi zipo. Mwenye nyumba akatutazama, akasema zimejaa. Nyumba tatu, jibu lile lile. Tukarudi Birmingham siku hiyohiyo, watoto wanalia. Nilitaka mlango ambao ufunguo wake ninao mimi."

Truphosa alimshika mumewe mkono.

"Mimi pia nimefungiwa milango," alisema Lakhbir. "Hiyo ni sababu ya haki. Lakini usiiite akiba. Na ufunguo unaweza kuukodi. Kuna mtu Sutton Coldfield anakodisha karavani, pauni arobaini kwa wiki. Kodi na bima ni juu yake. Gari likiharibika kwa uchakavu, ni juu yake pia. Soma mkataba kwanza, halafu nitalikagua kabla hamjaondoka."

Jairus alimtazama mkewe. "Wiki moja itatutosha?"

"Itatutosha sana," alisema Truphosa.

Jumatatu walikwenda kununua tiketi ya ndege. Magdalene alifika mwezi wa Julai, mrefu kuliko walivyomkumbuka, akiwasalimu wazazi wake kwa haya kama wageni.

Mwezi wa Agosti walikodi karavani, wakaenda Wales. Walipika ugali mbele ya bahari. Wadogo walimfundisha dada yao Kiingereza, naye akawafundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Kufikia siku ya tatu alikuwa akicheka nao.

Asubuhi ya mwisho alimuuliza baba yake, "Gari hili ni letu?"

"Hapana," Jairus alisema. "Leo tunalirudisha."

"Na mimi?"

Jairus akamkumbatia. "Wewe hurudi popote. Wewe ni wa nyumbani."