Kitambaa cha Kuchanwa

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda sokoni kutafuta hariri kabla wenye vibanda hawajafunga. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia, na siku hizi hapa mjini Margilan kila mwanamke, nami pia, anataka gauni la zamani: kola ya kusimama, marinda yanayoanzia juu ya kifua, sketi inayomwagika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kipimo nilikuwa nacho tayari. Nilikuwa nimelitandaza gauni la ujanani la mama mkwe wangu, Hurniso, nikachora kila kipande chake juu ya magazeti.

"Kata hivyo hivyo kwa vipimo vyangu," aliniambia huku akicheka. "Enzi zile nilikuwa na kiuno. Si kama nyinyi mnaokula mkate mkiwa mmesimama."

Tatizo lilikuwa kitambaa. Kila nilichoshika sokoni kilikuwa na rangi za kupiga kelele, na kilinitelezea mkononi kama mfuko wa nailoni.

"Dada, hiyo ni hariri tupu," muuzaji aliniapia.

"Hariri ya mdudu gani? Wa kiwandani?"

Akacheka. Nikainunua hata hivyo, na sitajidanganya: nilipokuwa naikunja nilishajua nitakachoifanyia.

Mama mkwe ana furushi lake la safari ya mwisho, kama bibi yeyote wa kwetu. Liko chini kabisa ya sanduku. Ndani yake mna sanda, sabuni ya kuoshewa, na hariri ya zamani ya njano na nyeusi, ambayo rangi zake zinaingiliana polepole. Hiyo hariri ni ya wanawake watakaokuja kumlilia. Wataichana kwa mikono, kila mmoja aondoke na kipande chake, ili na yeye ajaliwe miaka mingi kama ya marehemu. Haiguswi na mkasi.

Kesho yake jioni mama mkwe alikuwa kwa jirani akinywa chai. Niliitoa hariri yake, nikaweka ya sokoni mahali pake, nikalifunga furushi kwa fundo lake lile lile. Nikajiambia ana nguvu huyu, bado anapanda ngazi kuchuma zabibu. Kabla hajafa nitampatia nyingine.

Nikatandaza karatasi zangu. Nikakata.

Mkasi ulipomaliza kipande cha mwisho, nikasikia sauti uani...

Kraaaaa.

Sauti ya kitambaa kinachochanwa kwa mkono.

Nilichungulia. Mizabibu imetulia. Birika liko pale pale nilipoliacha. Kisha mtu akabisha hodi.

Nje ya lango alisimama bibi mmoja mwenye joho la kijani, ushungi umeshuka mpaka machoni. Alinuka sabuni. Sabuni, na udongo mbichi.

"Nimekuja kuchukua kipande changu," alinong'ona.

"Kipande gani, bibi?"

"Cha Hurniso."

"Mama ni mzima. Yuko kwa jirani. Hapa hakuna msiba."

"Mbona kitambaa kimeshakatwa?"

Nywele zilinisimama. Lakini niseme kweli, nilichoogopa zaidi ni mama mkwe kurudi na kumkuta pale, akajua nilichofanya. Nilikimbia ndani, nikanyakua kipande cha kwanza kilichonijia mkononi, cha sketi, upande wa kushoto. Nikampa.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakibusu, akajipangusa nacho usoni, kama wafanyavyo msibani. Akaenda zake.

Haukupita muda nikasikia jirani anaita jina langu kwa sauti ya kulia. Mama mkwe alikuwa ameinuka kutoka kwenye chai, na mguu wa kushoto haukuinuka naye.

Daktari alisema ni mishipa, ni umri. Wote walitikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa changu.

Siku iliyofuata, wakati ule ule wa magharibi...

Kraaaaa.

"Vimebaki vingine," sauti ilinong'ona nyuma ya lango.

Sikufungua. Kitandani mama mkwe alianza kukohoa, kiganja kifuani, midomo inabadilika rangi. Nilipiga magoti kando yake, nikamwambia yote: furushi, fundo, mkasi, kile kipande. Nilitaka anipige. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alivaa joho la kijani?"

"Ndiyo, mama."

"Inoyat huyo. Ndiye aliyekuwa akituchania vitambaa kwenye misiba. Tulimzika mwaka ule wa theluji nyingi." Alitafuta pumzi. "Yeye hana kosa. Amesikia kitambaa kimefunguliwa, amekuja kazini."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Sasa shona."

"Nishone?"

"Nguo iliyo mwilini mwa mtu aliye hai haiombwi. Shona, uvae. Usivue."

Nilishona huku machozi yananidondokea juu ya mashine. Pale palipopungua, kushoto, nikatia kile kitambaa cha sokoni. Nilipolivaa, kikohozi chake kilitulia, na hatua za langoni zikaenda mbali.

Gauni lilinikaa vizuri mno. Harusini wanawake walinizunguka, wakipapasa kitambaa.

"Shoga, umeitoa wapi hariri hii? Mikono yako ina baraka."

Sikuweza kumeza hata punje ya wali.

Mama mkwe hatembei tena. Kila jioni namlisha supu kwa kijiko, nimevaa gauni lake, na kila kijiko ananishukuru. "Mungu akupe maisha marefu, mwanangu," ananiambia. Hapo ndipo ninapotamani anitukane.

Hariri hii ni ya zamani. Leo asubuhi nimeona uzi wa marinda ya kifuani umeanza kuachia. Nikipashona upya, kitambaa chenyewe kinalegea pembeni.

Na sasa giza linaingia, wanabisha. Siku hizi si mmoja, nasikia minong'ono mingi, na harufu ya sabuni inapita chini ya mlango.

"Usiende," anasema mama mkwe.

Siendi. Nimeyashika marinda ya kifuani kwa mikono yote miwili, hapa juu ya moyo, maana hiki kipande nacho nilikikata kwa vipimo vyake.

Kraa...