Mgomba Wenye Jina

Mgomba mmoja ulitoka ziwani ukiwa na joto. Mingine iliyovuliwa kabla yake ilikuwa baridi, kama inavyopasa kitu kilichoelea Kivu tangu asubuhi. Lakini huu wa mwisho, Kambere alipouvuta ndani ya boti, aliuachia mara moja akajifuta mikono kwenye suruali.

"Iko na moto," akasema. "Gusa."

Nshobole hakugusa. Alisema ni jua tu. Siku hiyo jua halikuwa limetoka.

Nshobole Buhendwa alikuwa injinia, na karakana yake ilikuwa ufuoni, juu ya mawe meusi ya volkano. Alikuwa akibuni boti la kuokolea watu, lenye bodi ambalo likipinduliwa na mawimbi linajigeuza lenyewe na kusimama tena, kwa sababu ya masanduku ya hewa yaliyozibwa mbele na nyuma. Kambere ndiye fundi aliyelijenga. Kulijaribu kunahitaji watu wanaozama, na hakuna anayejitolea kuzama, kwa hiyo walikata vigogo vya migomba. Kigogo kina uzito wa mtu, kinaelea nusu kama mtu, na kinateleza mikononi kama mtu aliyelegea. Wakavivika majaketi ya uokozi, wakavitupa ziwani, kisha wakaenda kuviokoa.

Ujanja mzuri, kwingineko. Huku kwetu, mtu akipotea na maiti isionekane, jamaa zake hukata mgomba, huusafisha, huufunga nguo, huulilia na kuuzika kwa jina lake ili marehemu apate pa kukaa. Mgomba usio na jina ni chakula cha ng'ombe. Mgomba wenye jina ni maiti. Nshobole alilijua hilo tangu utoto, na bado ule mmoja aliupa jina. Kila walipoufikia majini aliinama akauambia, "Olive, shika mukono yangu."

Olive alikuwa mdogo wake. Alizama mwaka jana katika boti la Célestin, mfanyabiashara aliyepanga makreti ya bia hadi abiria wakakosa pa kuweka miguu. Lilizama mchana kweupe, watu wa ufuoni wakitazama, na hapakuwa na chombo hata kimoja cha kuwafuata. Célestin alilala jela siku chache, akatoka amenenepa, akanunua boti jingine akalipaka rangi ya buluu. Maiti ya Olive haikuonekana. Mama yao, Mama Émérance, alikataa kabisa kuzika mgomba. "Mutoto wangu si ndizi," alisema, na wa kumbishia hakupatikana.

Boti lilikuwa lionyeshwe Jumamosi mbele ya wakubwa wa bandari na wenye maboti. Likifaulu, yangejengwa mengine. Nshobole hakutaka kitu kingine duniani.

Célestin mwenyewe alikuja kulitazama, eti. Alizunguka bodi akiligonga kwa pete yake.

"Injinia, iko muzuri," akasema. "Mi nanunua. Ila toa hizi caisson za hewa, unipe place ya mizigo."

"Ukitoa hewa, haitajigeuza."

"Watu wetu wanajua kuogelea, mama."

Nshobole alimtoa nje kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Célestin aliondoka akicheka, na nyuma yake, katika kona ya vigogo, kitu kikakohoa maji.

Kesho yake mgomba ule haukuwa konani. Ulikuwa umekaa ndani ya boti, kwenye kiti, jaketi limefungwa vifungo vyote. Kambere aliapa hakuugusa. Karakana ilinuka utomvu wa ndizi na matope ya chini ya ziwa.

"Labda ni mazuku," Nshobole akasema. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini huku Goma, na huua mtu bila harufu.

"Mazuku haifunge jile," Kambere akamjibu kwa sauti ndogo, akiionyesha jaketi kwa kidole.

Waliutupa ziwani, mbali. Jioni ulikuwa umeegemea geti, umelowa, unatoka mvuke. Nshobole akaurudisha ndani mwenyewe, amekunja uso. Kambere alipomwuliza kwa nini, alimkaripia afunge mdomo afanye kazi.

Siku mbili kabla ya maonyesho wakalipindua boti kwa kamba, Kambere ameshika ukingo kama kawaida, na badala ya kuinuka, kama lilivyoinuka kila mara, lilibaki limelala kifudifudi juu ya maji yaliyotulia, zito, limemfunika Kambere chini yake, na Nshobole aliyekuwa akivuta kamba kutoka kwenye mtumbwi akasikia kugongwa kutoka ndani, akadhani ni Kambere anaomba njia, akazidi kuvuta na kumwita, mpaka kichwa cha Kambere kikatokea upande wa pili, midomo imekuwa ya kijivu, na kugonga kule chini ya boti kukawa bado kunaendelea, taratibu, na kutoka humo sauti ya msichana, ikimwita Nshobole kama mdogo amwitavyo dada yake mkubwa, ikasema, "Yaya, maji iko baridi. Vuta mukono."

Kambere alipopata pumzi, alisema neno moja: "Mukamugema."

Mukamugema alikuwa mganga wa Munigi aliyeuza makaa, na hakuwa na subira na mtu. Alifika na moto-taksi, pikipiki ya abiria, akaunusa mgomba, akamgeukia Nshobole.

"Uliupatia jina?"

Nshobole akatazama ziwani.

"Nakuuliza, uliupatia jina, kisha ukautupa mu maji?"

"Ndiyo, mama. Ya mudogo wangu."

"Umesoma bure. Unaita maiti, halafu unaimwaga kila siku. Sasa sikia. Hii si mudogo wako. Ni kitu ya ziwa, ilivaa sauti yake. Iko na hasira sababu uliionyesha nyumba, ukaifungia mulango. Inataka jina na shimo, basi. Jina ya nani, haina kazi nayo. Mama mzazi akuje, aiambie: umekufa, lala. Isipozikwa, hii boti itazika watu."

Mama Émérance aliletwa kutoka Ndosho, mdogo, mkavu, kitenge kimefungwa kifuani. Kambere alichimba nyuma ya karakana kwa baramini, mtaimbo wa kuvunjia mawe, maana ardhi yetu ni mwamba wa moto uliopoa na haipokei jembe. Mgomba ulilazwa juu ya shuka. Mama alipoukaribia ukasema, "Mama." Akapiga magoti, akauwekea mkono mahali ambapo paji la uso lingekuwa, akahisi joto la mwanawe alipokuwa na homa, akasikia pumzi yenye maji ndani yake ikipanda na kushuka, na Nshobole aliyesimama nyuma yake akataka kumwambia amshike, asimwache, waende naye nyumbani wakamlaze kitandani kwake hivyo hivyo alivyo.

"Mama, isije ikakudanganya," Mukamugema akanong'ona. "Sema."

Mama Émérance aliinua macho. Hayakuwa na chozi.

"Ulisema jina ya nani, haina kazi nayo?"

"Nilisema. Kwa nini?"

Mama akainama tena kwenye mgomba. "Célestin," akasema wazi, kama anayeita mtu upande wa pili wa barabara. "Umekufa. Lala."

Mukamugema alirukia shuka. "Mama, huyo ni muzima. Rudisha neno."

"Najua ni muzima. Na mwaka muzima nimejua." Akasimama, akakung'uta magoti. "Mutoto wangu hatazikwa. Zika ule aliyemuuwa."

Sauti ndani ya mgomba ilikatika. Kambere akaugusa, ulikuwa baridi. Mukamugema alitazama kule barabarani, akatazama ziwa, kisha akakataa chai na nauli akaondoka kwa miguu. Ni Nshobole aliyeshika koleo akaufukia mgomba. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemzuia.

Jioni hiyo walilipindua boti kwa mara nyingine. Likainuka kabla kamba haijalegea, maji yakimwagika pembeni, zuri kuliko siku zote. Kambere alipiga kelele ya furaha peke yake.

Habari iliwafikia kabla ya giza. Célestin alikuwa mezani katika baa, amezungukwa na watu, anasimulia mambo ya biashara. Akakohoa. Akakohoa maji, mara ya kwanza kidogo, kisha kwa wingi, puani na mdomoni, na maji yakaendelea kutoka hata baada ya yeye kuacha kupumua, yakifuata miguu ya meza mpaka mlangoni. Nshobole alijipekua moyoni akitafuta huruma. Hakuipata, na hakuitafuta sana.

Siri ya karakana ilikuwa imeshatoka, maana Goma haina ukuta. Jumamosi wakubwa walipofika na viatu vyao safi hawakuweza kupita. Mbele ya geti palikuwa na watu, foleni ndefu hadi barabara ya lami, kila mmoja na mgomba begani, na utomvu ukiwadondokea nguoni. Walikuwa wafiwa wa ziwa, wengi Kambere akiwafahamu kwa sura. Hawakulia. Wakubwa walisikia majina yanayonong'onwa humo, na baadhi ya majina yalikuwa yao. Wakarudi garini wakafunga vioo.

Boti lilibaki limefungwa kamba majini, na hakuna aliyelitazama.

"Fungua geti," Nshobole akasema.

"Injinia, tuite hawa wakubwa warudi. Tuonyeshe boti. Ndiyo kazi yetu."

"Fungua, Kambere."

Alifungua. Wakaingia mmoja mmoja, na baramini ikaanza kulia juu ya mwamba. Kambere alisimama getini akiwahesabu kwa macho, mpaka akafika mwanamke mmoja kijana, jirani yake wa Ndosho, Héritière, aliyebeba mgomba mwembamba. Kambere alimshika mkono.

"Wewe, nani yako alizama?"

"Hakuna mutu," Héritière akasema. "Lakini jina niko nayo."

Nshobole akamwonyesha mahali pa kusimama.